Kumfuga Kinyonga: Mwongozo Kamili wa Kumtunza na Kumshika kwa Usalama

Mtu anayetaka kufuga kinyonga kwa kawaida humnunua mnyama kwanza, kisha ndipo huanza kuhangaika kutafuta tundu, taa na wadudu wa kumlisha. Huko ni kuanzia mwisho, na kwa mnyama huyu kosa hilo ni zito kuliko kwa paka au kuku, kwa sababu kinyonga hana namna ya kulalamika. Halii wala hakufuati miguuni kuomba maji, na akiugua hujikaza aonekane mzima mpaka nguvu zimwishie, maana porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Kwa hiyo ufugaji wake unasimama juu ya mambo mawili: kumwandalia mazingira yaliyopimwa, yasiyo ya kukisia, na kujizoeza kumtazama kila siku. Kumshika ni jambo la tatu, na ni dogo kuliko wengi wanavyodhani.

Kumchagua mnyama

Zipo aina zaidi ya 200 za vinyonga duniani, na karibu nusu yake hupatikana Madagaska pekee. Wanaofugwa zaidi ni watatu. Kinyonga wa Yemeni (Chamaeleo calyptratus), anayetambulika kwa kofia ndefu ya mfupa iliyo kichwani, asili yake ni Yemeni na Saudi Arabia. Ndiye mvumilivu kuliko wenzake na ndiye anayemfaa mfugaji anayeanza, ingawa ndiye mkali zaidi. Kinyonga chui (Furcifer pardalis) wa Madagaska hupendwa kwa rangi zake, na kwa kawaida huwa mpole kidogo. Kinyonga pembe tatu (Trioceros jacksonii) hutoka nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ambako usiku ni wa baridi, na joto ambalo wale wawili hulifurahia humtesa yeye. Mtu anayeishi mahali pa joto na asiye na njia ya kupoza chumba usiku asimchukue huyu, hata kama pembe zake zinamvutia kiasi gani.

Kabla ya kulipa, hakikisha mambo ya sheria. Biashara ya kimataifa ya aina hizi zote tatu inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao umeziweka katika Kiambatisho cha II, na serikali ya mahali ulipo inaweza kudai kibali cha kumiliki mnyama wa aina hii au ikakataza kabisa kumkamata porini. Mbali na sheria, iko sababu ya kiafya: kinyonga aliyekamatwa porini mara nyingi huja na minyoo na hofu, na huweza kufa kwa msongo kabla hata hajazoea kunywa maji ndani ya tundu. Mchukue aliyezaliwa kwa mfugaji, na asiwe chini ya umri wa miezi 3.

Unapomkagua, anza na macho. Yanatakiwa yawe yamejaa, yakizunguka kila moja kwa upande wake, na yawe wazi muda wote wa mchana. Kisha tazama miguu: mifupa iwe imenyooka na mnyama ainue tumbo lake juu ya tawi anapotembea, asijiburute. Acha akanyage kidole chako uone kama anakamata kwa nguvu, kwa sababu kinyonga mwenye mshiko legelege tayari ana tatizo. Mwombe muuzaji amlishe mdudu mmoja mbele yako. Ulimi unaotoka moja kwa moja na kurudi na windo ni uthibitisho bora kuliko maneno yote atakayokuambia. Dume wa Yemeni hutambulika tangu anapoanguliwa kwa kipi kidogo nyuma ya kisigino cha mguu wa nyuma, kama cha jogoo, na anayeanza namshauri achukue dume, kwa sababu ambazo zitaonekana nitakapofika kwenye mayai.

Mchukue mmoja tu. Vinyonga si wanyama wa kukaa pamoja, na kuwaweka wawili katika tundu moja ni kumlazimisha mmoja aishi na adui anayemwona kila afumbuapo macho. Hata kioo cha kujitazamia kilicho karibu na tundu humchokoza, kwa kuwa hudhani yule anayemwona ni mpinzani.

Tundu na mahali pa kuliweka

Kinyonga huishi kwa kupanda, kwa hiyo urefu wa tundu kwenda juu una maana kuliko upana wake. Kwa mkubwa wa Yemeni au kinyonga chui, kipimo cha sentimita 60 kwa 60 kwa kimo cha 120 ndicho cha kuanzia. Kuta za wavu humfaa zaidi katika mazingira mengi kwa sababu hewa hupita. Tundu la kioo lisilo na matundu ya kutosha hufungia unyevu uliotuama, na huo huzaa ukungu na maradhi ya mapafu. Wavu uwe laini au uliopakwa plastiki, usio na ncha za kukwaruza kucha zake.

Lipandishe tundu juu ya meza au kabati, ili matawi anayokaa yawe usawa wa macho yako au juu zaidi. Kinyonga anayetazamwa kutoka juu hujiona yuko mbele ya ndege mla nyama. Mahali pawe mbali na mlango unaofunguliwa kila mara, feni, runinga na moshi wa jiko.

Ndani, panga matawi ya unene tofauti, mengine yakilala na mengine yakipanda kwa mshazari, ili aweze kutoka kwenye joto la juu hadi ubaridi wa chini bila kuruka. Mguu wake ni kama koleo: vidole vimeungana katika mafungu mawili yanayokabiliana, na hauwezi kukamata vizuri ubao bapa wala kijiti chembamba mno. Jaza majani hai, mengi kuliko unavyodhani yanatosha. Haibiskasi, mfikasi na ile mitambazi ya ndani iitwayo Epipremnum aureum hutumika sana na wafugaji. Yaoshe majani kwanza, na uhakikishe hayakupuliziwa dawa ya wadudu, kwa kuwa kinyonga wa Yemeni huyatafuna. Kinyonga anayeweza kujificha asionekane kabisa ndiye anayetokeza hadharani kwa utulivu. Asiye na maficho hukaa na hofu mchana kutwa.

Sakafu iache tupu. Mchanga na maganda ya mbao hunaswa na ulimi pamoja na mdudu, yakamezwa, yakaziba utumbo.

Taa mbili zenye kazi mbili

Hapa ndipo penye makosa mengi zaidi, na makosa yake hayaonekani mpaka miezi ipite. Kinyonga anahitaji taa ya joto na taa ya mionzi ya urujuanimno ya aina ya UVB. Hivi ni vitu viwili tofauti, na balbu yenye mwanga mkali si lazima iwe na mionzi hiyo.

Taa ya joto huwekwa juu ya tundu, nje ya wavu, upande mmoja, ikielekea tawi analoota jua la asubuhi. Kwa kinyonga chui na dume wa Yemeni, joto la tawi hilo liwe nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi, sehemu nyingine za tundu zikibaki kati ya 22 na 27. Kwa kinyonga pembe tatu, tawi lisizidi nyuzi 27 hadi 29. Pima mahali mgongo wake unapofika, kwa kipimajoto cha kidijitali, na usiridhike na kuweka mkono chini ya taa na kusema panatosha. Usiku taa zote zizimwe na joto lishuke. Wale wawili wa kwanza huvumilia vizuri nyuzi 18 hadi 20, na pembe tatu huhitaji ubaridi zaidi ya huo. Taa nyekundu za usiku ni za kumsumbua tu, kwani kinyonga anaona mwanga huo.

Nakumbuka dume mmoja niliyekuwa naye, ambaye tawi lake la juu nilikuwa nimelisogeza sentimita chache tu ili kupisha mmea mpya. Joto la tawi sikulipima upya. Baada ya siku nne niliona doa la kijivu kwenye ncha ya kofia yake ya kichwani, nikadhani ni ngozi inayotaka kuambuka. Lilikuwa jeraha la moto. Kinyonga huiotea taa mpaka mwili mzima upate joto, na ile sehemu iliyo karibu zaidi na balbu inaungua kabla tumbo halijapata joto la kutosha, naye haondoki. Tangu hapo, nikigusa tawi lolote la juu, kipimajoto kinarudi ndani siku hiyohiyo.

Taa ya UVB ndiyo inayomwezesha kutengeneza vitamini D3 mwilini, na bila vitamini hiyo kalsiamu anayokula haifiki kwenye mifupa. Tumia taa ndefu ya mrija mwembamba ya aina ya T5, yenye nguvu ya UVB ya asilimia 5 au 6, iliyotandazwa juu ya tundu, tawi la kuotea likiwa sentimita 20 hadi 30 chini yake. Balbu ndogo zilizojisokota hutoa mionzi mahali padogo mno. Kioo na plastiki huzuia mionzi hii karibu yote, kwa hiyo jua linalopita dirishani halimsaidii chochote upande huu, na taa iliyofunikwa kwa kioo ni kama haipo. Taa hizi pia huchoka: mwanga unaonekana uleule, lakini mionzi hupungua, hivyo ziandike tarehe siku unapozifunga na uzibadilishe baada ya miezi 12. Taa zote mbili ziwake na kuzimika kwa swichi ya saa. Mwanga wa mchana uwe wa saa 12.

Jua lenyewe ni bora kuliko taa yoyote, na unaweza kumtoa nje ndani ya tundu la wavu kwa nusu saa au zaidi, mradi upande mmoja uwe na kivuli na maji, nawe usiondoke. Kamwe usimweke juani ndani ya chombo cha kioo, kwa sababu humo atapikika kwa dakika chache.

Maji

Kinyonga hatambui maji yaliyotulia. Unaweza kumwekea bakuli safi akafa kwa kiu pembeni yake. Anachokijua ni tone linaloteremka na kung'aa juu ya jani, na hicho ndicho unachopaswa kumtengenezea. Nyunyizia majani maji laini kwa dakika mbili au tatu asubuhi kabla taa hazijawaka, kisha tena jioni baada ya kuzimwa, na mchana weka chombo chenye tundu dogo chini kinachodondosha tone moja moja juu ya majani kwa muda wa dakika 20 au 30. Usimpulizie usoni. Chini ya tundu weka sinia la kukinga maji na ulimwage kila siku.

Kati ya vipindi hivyo acha tundu likauke. Kwa kinyonga wa Yemeni, unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60 mchana unatosha, na kinyonga chui anataka juu kidogo ya hapo. Usiku, hewa ikiwa baridi, unyevu uachwe upande sana, kama ukungu wa porini unavyofanya. Unyevu mwingi pamoja na joto kali mchana ndio mchanganyiko unaoleta maradhi ya kifua.

Kama anakunywa vya kutosha utajua kwa kinyesi chake. Kila haja huwa na sehemu ya kahawia, na pamoja nayo kidonge cha mkojo uliokauka. Kidonge hicho kikiwa cheupe, maji yanatosha. Kikiwa cha manjano kidogo, ongeza muda wa kunyunyiza. Kikiwa cha rangi ya chungwa na kigumu kama chaki, na macho yakaanza kudidimia, mnyama amekaukiwa na anahitaji kuonwa na daktari.

Chakula, na unga unaopakwa juu yake

Chakula cha msingi ni nyenje, mende wa kufugwa, panzi au nzige, na kwa kubadilisha, viwavi wa hariri pamoja na mabuu ya nzi mweusi, wale wanaofugwa kwa ajili ya chakula cha kuku. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya kinyonga. Mtoto hulishwa kila siku, mara mbili kwa siku akiwa mdogo sana, kiasi anachoweza kumaliza kwa dakika 15 hivi. Akifikia mwaka, wadudu 4 hadi 6 kila baada ya siku moja wanamtosha. Unene si afya. Mafuta yakionekana kama vifundo juu ya macho na kwenye kofia yake, punguza chakula.

Usimpe wadudu waliookotwa mahali panapopuliziwa dawa, na usimpe vimulimuli hata mmoja, kwa kuwa wana sumu inayoweza kumwua. Wadudu waliobaki ndani ya tundu usiku watoe, maana nyenje wenye njaa humtafuna kinyonga akiwa usingizini.

Mdudu ni mfuko tu, na kinachomjenga kinyonga ni kile kilichomo ndani ya mfuko huo. Kwa hiyo siku moja au mbili kabla ya kumlisha, wape wadudu wenyewe mboga za majani ya kijani kibichi, karoti, boga, viazi vitamu na matunda kidogo. Nyenje aliyeshinda njaa dukani ni ganda lenye maji.

Hata wakishiba vizuri, wadudu wengi wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na uwiano huo hula mifupa ya kinyonga polepole. Ndiyo sababu wadudu hupakwa unga kabla ya kutolewa. Weka wadudu ndani ya kikombe au mfuko, ongeza unga kidogo, tikisa taratibu mpaka waonekane kama waliopita kwenye vumbi, si kama waliochovywa kwenye unga wa ngano. Unga wa kalsiamu usio na fosforasi wala D3 hutumika karibu kila mlo. Kalsiamu yenye D3 hutumika mara mbili tu kwa mwezi, na unga wa vitamini mchanganyiko, wenye vitamini A, mara mbili kwa mwezi katika wiki zile nyingine. Kinyonga pembe tatu mpe nusu ya ratiba hiyo ya vitamini na D3, kwani mwili wake hulemewa upesi. Tofauti na maji, vitamini A na D3 hazitoki mwilini kirahisi zikizidi. Huvimbisha shingo na kuharibu viungo vya ndani, hivyo usiongeze dozi kwa huruma.

Kumshika

Wapo vinyonga wanaokubali mkono na wapo ambao hawataukubali maisha yao yote, na hilo halimaanishi kwamba mfugaji ameshindwa. Wiki mbili za mwanzo usimshike kabisa. Baadaye, dakika 5 hadi 10 mara moja au mbili kwa wiki zinatosha. Usimguse anapoambua ngozi, anapokuwa na mayai tumboni, anapoumwa au akiwa amelala.

Msemo wa kumwita mtu kigeugeu kama kinyonga umetufundisha vibaya kuhusu mnyama huyu. Habadilishi rangi ili afanane na kila kitu anachokalia. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba kinyonga chui hugeuza rangi kwa kusogeza karibu au mbali fuwele ndogo mno zilizo ndani ya seli za ngozi. Akitulia zinabanana na kuakisi rangi za baridi, akichemka zinaachana na kuleta manjano na nyekundu. Rangi, basi, ni hali ya moyo na joto la mwili. Asubuhi huwa mweusi upande mmoja kwa sababu anakusanya joto, na hilo ni la kawaida. Lakini ukisogeza mkono naye akawa mweusi ghafla au rangi zikawaka, akajitanua ubavu, akavimbisha koo, akafoka na kupanua kinywa, amekwisha sema. Rudisha mkono polepole, ujaribu siku nyingine.

Anza kwa chakula. Kwa siku kadhaa mshikie kikombe chenye wadudu mbele ya tawi lake ukiwa umetulia, mpaka azoee kwamba mkono huleta mlo. Siku ya kumchukua, chagua saa za asubuhi baada ya kupata joto, nawa mikono, kaa chini au mshikie juu ya kitanda ili akianguka asianguke mbali. Ingiza mkono kwa kimo kilicho chini ya kidevu chake, kamwe usitokee juu. Uweke mbele yake kama tawi lingine, kidole cha shahada kikigusa tawi alilosimamia. Sasa subiri. Jicho moja litakutazama huku lingine likitafuta njia. Atajitikisa mbele na nyuma kama jani linalopeperushwa, atanyoosha mguu mmoja, ataurudisha. Mguu wa kwanza ukishika kidole, bado usisogee, kwa sababu miguu ya nyuma na mkia vimeng'ang'ania tawi. Akisita, mkono wa pili umguse taratibu kwenye shina la mkia kutoka nyuma, naye atapiga hatua mbele. Miguu yote minne na mkia vikishahamia mkononi, ndipo unapomtoa.

Kosa kubwa ni kumvuta. Anayevutwa hukaza mshiko, na kinachokubali ni ukucha, kidole au kifundo. Mkia wake, tofauti na wa mijusi wengi, haukatiki wenyewe wala hauoti tena. Ukilazimika kumwondoa haraka, fungua vidole kimoja kimoja kuanzia mguu wa nyuma, ukiwa umebeba tumbo kwa kiganja. Mkononi mwache apande, mikono ikipokezana mbele yake, na usimfinye ubavu. Kumrudisha, msogeze karibu na tawi ashuke mwenyewe.

Akiuma, hana sumu, ingawa mkubwa huweza kuchana ngozi. Usiupokonye mkono, kwa kuwa meno yake yameungana na mfupa wa taya na hayaoti upya; igusishe miguu yake kwenye tawi, naye atakuachia. Osha kidonda kwa sabuni na maji mengi.

Mikono huoshwa kabla na baada ya kumgusa yeye au chombo chake chochote, kwa sababu kama watambaazi wengine huweza kubeba salmonela, bakteria wanaoleta kuhara kwa watu, bila yeye kuumwa. Vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni. Watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee na watu wenye kinga dhaifu wasimshike. Wamtazame tu, na kinyonga akirusha ulimi unaozidi urefu wa kiwiliwili chake, sidhani kama yupo atakayeona amepunjwa.

Jike na mayai

Jike wa Yemeni hutaga hata kama hajawahi kuona dume. Mayai hayo hayatakuwa na mbegu, lakini lazima yatoke, na anaweza kubeba 20 hadi 80 kwa mpigo mmoja. Akikosa mahali pa kuchimba, huyazuia mpaka yamwue. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa 4 wa umri wake, awe na chombo chenye kina cha sentimita 30 hivi, kilichojazwa mchanga safi ulioloweshwa kiasi kwamba ukichimba shimo kwa kidole, kingo zake hazibomoki.

Jike aliye tayari huacha kula, hutembea hovyo kwenye sakafu na kukwaruza pembeni. Mfunike tundu kwa shuka na umwache. Jike wangu wa kwanza nilimchungulia mara tatu kwa mchana mmoja, na kila nilipoinua shuka aliacha shimo na kuanza jingine. Siku ya pili nilijizuia, akataga usiku, akatoka amekonda na mwenye udongo hadi puani. Baada ya kutaga mpe maji mengi na wadudu wenye kalsiamu. Akiwa mkubwa, mlishe kwa kiasi na ulipunguze joto la tawi lake hadi nyuzi 27 hivi, kwani chakula kingi na joto jingi huongeza idadi ya mayai. Kinyonga pembe tatu hatagi. Huzaa watoto hai.

Dalili za kukupeleka kwa daktari

Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni ya kidijitali, awe amekaa juu ya kijiti, na uandike. Uzito unaoshuka wiki mbili mfululizo kwa asiyetaga hutangulia dalili nyingi zinazoonekana kwa macho.

Kinyonga anayefumba macho mchana ni mgonjwa, usisubiri kesho. Miguu inayopinda kama upinde, taya laini, kutetemeka anapotembea au ulimi usiorudi ndani ni matege, yanayotokana na upungufu wa kalsiamu, D3 au mionzi. Yakiwahiwa husimama, lakini mifupa iliyokwisha pinda haitanyooka. Kupumua kwa kinywa wazi hali yuko mbali na taa, pua kuelekezwa juu, povu mdomoni au sauti ya mluzi ni maradhi ya mapafu, na hayo huhitaji dawa ya daktari, si mvuke wa nyumbani. Uvimbe au usaha kando ya mdomo na viungo vilivyovimba havingoji pia. Jike anayelala sakafuni macho yakiwa yamefumba, na mayai hayajatoka, ana saa chache tu. Ngozi inayoambuka vipandevipande, kwa upande mwingine, ni jambo la kawaida. Ongeza unyevu na usiibandue kwa vidole.

Tafuta daktari wa wanyama anayewajua watambaazi mapema, wakati mnyama bado ni mzima, na umpelekee kinyesi kibichi kwa uchunguzi wa minyoo katika mwezi wa kwanza, kisha kila mwaka. Siku ya safari, mweke ndani ya boksi lenye matundu ya hewa na kijiti kilichofungwa imara karibu na chini, ulifunike awe gizani. Chukua daftari la uzito, picha ya tundu na taa zake, pamoja na makopo ya unga unaotumia, kwa sababu maswali ya kwanza ya daktari huwa juu ya taa, joto na kalsiamu.